Kifungo cha Ishirini na Nne

Nilitia kifungo kimoja cha ziada kwenye hotpoti. Hilo ndilo kosa. Sikuiba, sikuchoma nyumba, sikumpa mtu mimba. Kifungo cha shati, cheusi, chenye matundu manne, ambacho ukikidondosha Mtaa wa Sikukuu saa nne asubuhi hakuna atakayeinama kukiokota. Nilikitia huku natabasamu. Hilo la kutabasamu naomba lihesabiwe, kwa sababu nimejaribu kulisahau na limekataa.

Hotpoti yenyewe siku hiyo ilikuwa sanduku la kura. Waliopiga kura walikuwa marubani ishirini na watatu, watu wazima wenye ndoa zao na vitambi vyao, wamejazana sebuleni kwetu Jumapili mchana wanabishana kama wabaki kwenye chama chao cha wafanyakazi au watoke waanzishe kingine. Aliyewaita alikuwa mama yangu.

Najua. Ukimwambia mtu kuna rubani anaishi Kariakoo anadhani unamchezea. Nilipokuwa kidato cha kwanza mwalimu alituuliza kazi za wazazi wetu, nikasema mama yangu anarusha ndege. Jamaa wa dawati la nyuma akasema hata bibi yake anarusha, ila yeye anatumia ungo. Darasa likafa kwa kicheko, na mimi nikacheka, maana utani mzuri ni utani mzuri hata ukikuchoma.

Lakini ni kweli. Tunakaa ghorofa ya tatu. Kiwanja kilikuwa cha baba yake bibi, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua, mpaka akaja mwenye pesa akapandisha ghorofa, sisi tukabakiziwa fleti moja juu na fremu moja chini. Fremu ni duka la bibi: vifungo, zipu, uzi, lasi, lastiki za sketi. Baba anakaa Tabata na mke wake wa sasa. Mama anatoka alfajiri na shati jeupe, anapita katikati ya maguta ya mizigo na wapagazi, na wauza jezi wanamwamkia, "Shikamoo Kepteni." Anaitikia marahaba, lakini si kepteni. Begani ana mistari mitatu, na mitatu ni rubani msaidizi. Kepteni ana minne.

Huo mstari wa nne ndio ulioleta kikao.

Miezi michache kabla, mama alirudi kutoka Songea na ndege iliyokwamishwa na mvua. Alikuwa hajalala vya kutosha simu ikaita, aende kazini tena. Nilikuwa namsikia kutoka chumbani. Alisema hajatimiza saa zake za kupumzika, kanuni haimruhusu, haendi. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia sinunuliwi viatu vingine mpaka hivi vife. Wiki iliyofuata akaletewa barua ya onyo kwamba amekaidi amri, kisha barua nyingine ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu. Akionekana ana kosa, jina lake linatolewa kwenye orodha ya wanaokwenda kusomea ukepteni. Orodha ile ukitolewa hurudishwi ulipokuwa, unarudi mkiani, nyuma ya vijana uliowafundisha kufunga mkanda.

Akaenda kwa katibu wa chama. Chama chao ni kikubwa: madereva wa maroli, wapagazi wa uwanja wa ndege, makarani, watu wa mizigo bandarini, na marubani wametiwa humo kama hiliki kwenye pilau, wachache, na ukimuuma mmoja unakunja uso. Katibu alisoma barua yote, akaikunja vizuri, akamrudishia. Akamwambia, "Mama, mbona hata madereva wa maroli wanachoka?"

Mama alirudi na sentensi hiyo nyumbani. Alikula nayo, akafua nayo. Nilimsikia akiirudia jikoni peke yake, kwa sauti ya yule katibu, na mimi ndiye ninayejua kuigiza watu humu ndani, lakini siku ile nilimwachia.

Ndipo akaanza kupiga simu. Sheria inataka watu ishirini kuanzisha chama. Marubani wa kampuni yao wanazidi arobaini, ila wengi walisema wana safari, au wana mgonjwa, au wana harusi ya mtu asiye na jina. Waliokubali kuja walikuwa ishirini na wawili, na yeye wa ishirini na tatu. Walisema hotelini kuna masikio, nyumba ya Mikocheni italeta magari mengi mpaka majirani waulize. Kariakoo Jumapili, nani atamshangaa mtu anayepanda ngazi? Atadhaniwa anatafuta vitenge vya jumla.

Sasa wajue marubani wakikaa pamoja walivyo. Kwanza, hawaamini kitu mpaka wakirudie. Ukimuuliza mmoja anywe nini, akikwambia chai bila sukari, ukiitikia "haya" tu anakuangalia mpaka useme, "Chai, bila sukari." Ndiyo wanavyoongea na watu wa mnara wa kuongozea ndege, wa chini akisema kitu wa juu anakirudia, ili asitue mahali pasipo uwanja. Pili, wanahesabu vichwa. Mama aliwahi kutuhadithia mezani kwamba vichwa vikizidi orodha hata kimoja, ndege haiondoki. Siku moja walisimama pale uwanjani kutwa nzima, abiria wanasonya, wahudumu wanahesabu mara tatu, kumbe ni mtoto mchanga, abiria wa mapajani, mama yake kamfunika khanga. Nilicheka hadithi hiyo mpaka wali ukapita njia isiyo yake. Ikabaki kichwani mwangu. Ingekuwa heri ingetoka na wali.

Aliyeongoza kikao alikuwa mzee kuliko wote, rubani aliyewafundisha nusu ya waliokuwamo. Makepteni walikuwamo wengi, ila nikisema Kepteni namaanisha yeye. Ana ile sauti ya ndani ya ndege, ya kukutangazia hali ya hewa ya Dodoma. Hata akiomba chumvi unapapasa mkanda. Yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la mama kwa jambo moja kubwa. Kwenye kikao cha nidhamu mfanyakazi anaruhusiwa mtu mmoja wa kukaa naye: wa chama, au mwenzake wa kazini. Kepteni alikuwa amemwambia mama mbele yangu, "Alhamisi nitakaa na wewe mimi mwenyewe. Chama kiwe kimezaliwa, kiwe hakijazaliwa."

Mama alimjibu, "Alhamisi. Utakaa na mimi." Akarudia kama ada yao.

Mabishano yalikuwa makali kuliko nilivyotarajia. Nilidhani wote wamekuja kutoka. Lakini kulikuwa na mmoja, mfupi, kichwa kimenyolewa kinang'aa kama sufuria mpya, ambaye hakutaka kusikia.

"Nyie mnajiona mko juu," alisema. "Sawa, mko juu. Lakini wapagazi wakikunja mikono, uwanja mzima unalala. Sisi tukikunja, wiki ijayo wanaleta marubani wa kukodi kutoka nje, wanakaa kwenye viti vyetu vikiwa bado na joto. Tukiwa arobaini peke yetu sisi ni chama au ni kikundi cha kufa na kuzikana?"

"Hao wapagazi wamewahi kukunja mikono kwa ajili yako?" mama akamuuliza.

"Na wewe umewahi kukunja kwa ajili yao?"

Mama akainama kukusanya vikombe. Mimi nilitamani ajibu chochote, hata tusi.

"Dada yangu," yule mfupi akaendelea, na sasa alikuwa amepunguza sauti, "wewe una kesi. Sikulaumu. Mtu mwenye kesi anatafuta wakili. Ila sema unatafuta wakili, usiseme unatafuta chama."

"Ninayo kesi leo. Wewe utakuwa nayo kesho," mama alisema. "Siku hiyo utaambiwa habari za maroli."

Watu wakacheka kidogo. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango, bado mgeni kazini, akasema yeye angependa kutoka, ila mkataba wake uko karibu kufika mwisho na hataki ionekane kaelekea wapi. Kepteni akasema basi kura ya siri, karatasi. Kijana akasema watu watajua mwandiko. Kepteni akasema waweke tiki tu. Mwanamama mmoja wa kwenye kochi akamwambia, "Hata tiki yako naijua. Miaka minne naiona kwenye makaratasi ya safari, mkia wake unapinda kama wa paka."

Wote wakakubali. Watu hawa wanatiki kila kitu kabla ya kuondoka na baada ya kutua, kila mmoja anazijua tiki za mwenzake kama anavyojua kikohozi chake.

Hapo nikatoa wazo. Mimi, wa kidato cha tatu, niliyekuwa nimeegemea friji nikila sambusa ya wageni. Nikasema tutumie vifungo. Kila mtu apewe cheusi na cheupe, aingie chumbani kwa bibi peke yake, atie kimoja kwenye hotpoti, kingine aondoke nacho mfukoni. Kifungo hakina mwandiko.

Kepteni akasema, "Cheusi kutoka. Cheupe kubaki." Na sebule nzima ikaitikia, "Cheusi kutoka, cheupe kubaki," kama madrasa. Mama akanitazama jinsi ambavyo hajanitazama tangu nilipoanza darasa la kwanza. Sitaki kuongeza chumvi, lakini nilivimba moyoni.

Nikashuka dukani. Bibi huuza vifungo kwa dazeni, hakukatii dazeni hata uwe mjukuu. Akanipa dazeni mbili nyeusi na dazeni mbili nyeupe. Nikagawa ishirini na tatu kwa ishirini na tatu, vikabaki viwili mfukoni mwangu, cheusi na cheupe.

Wakapiga kura mmoja mmoja. Wawili walikuwa na safari ya jioni, wakapiga za kwanza, wakashuka ngazi haraka wakichomekea mashati. Waliobaki wakaendelea. Alipotoka wa mwisho, Kepteni akaniambia nikailete hotpoti.

Nikaingia chumbani. Vile viwili vilikuwa vinagongana mfukoni. Na ikanijia ile hadithi ya abiria wa mapajani. Nikawaza: vichwa ishirini na vitatu, vifungo ishirini na vinne. Marubani watahesabu. Watahesabu tena. Watasimama sebuleni kwetu kama ndege iliyokwama uwanjani, halafu mimi nitajitokeza na kusema, msihangaike jamani, huyo wa ziada ni mimi, abiria wa mapajani, nimefunikwa khanga. Nilikuwa nimeshaanza kusikia wanavyocheka. Nikaingiza mkono mfukoni, kikaja cheusi. Kingeweza kuja cheupe. Nikakitia, nikafunika, nikatoka natabasamu.

Kepteni akamwaga vifungo kwenye trei. Akatenga vyeupe kwanza, kwa kidole kimoja: vinne. Kisha vyeusi, na sebule ikawa inahesabu naye. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Ishirini.

Mama akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Yule mwanamama wa kwenye kochi akamkumbatia, kijana wa mlangoni akapiga meza. Ishirini ndiyo sheria inayoitaka, haikuzidi wala haikupungua. Na mimi nikiwa nimesimama pale, utani wangu umefika kooni, ndipo nikaielewa hesabu. Cheusi kimoja ni changu. Ni kumi na tisa.

Nikasema moyoni labda hawatajumlisha. Naapa nilifikiri hivyo, kwamba marubani hawatajumlisha.

"Vyeusi ishirini na vyeupe vinne," akasema yule mfupi, taratibu, "ni ishirini na nne."

"Ishirini na nne," Kepteni akarudia.

"Sisi ni wangapi?"

Wakahesabu vichwa. Ilikuwa vile vile kama nilivyoiona chumbani, mmoja anahesabu kwa kidole, mwingine kwa macho, kisha wanabadilishana. Ishirini na mmoja sebuleni, wawili wameondoka. Wakahesabu mara ya tatu. Hakuna aliyecheka.

"Kama kilichozidi ni cheupe, chama kimezaliwa," Kepteni akasema. "Kama ni cheusi, kimetoka kabla ya miezi yake. Na hatuwezi kujua."

Kupiga upya kusingewezekana, wawili wamekwenda uwanja wa ndege. Mwanamama wa kwenye kochi akasema basi wanyooshe mikono waliopo, wale wawili wataulizwa kwa simu. Akanyoosha wa kwake. Mama akanyoosha. Kepteni akanyoosha mpaka usawa wa sikio. Wengine wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho. Mtu aliyekuwa tayari kutoka kwa kifungo hakuwa tayari kutoka kwa mkono.

Yule mfupi akaniangalia. "Kijana, vifungo vinauzwaje?"

"Kwa dazeni."

"Dazeni mbili ni ishirini na nne. Sisi ishirini na watatu. Vilivyobaki viko wapi?"

Mama naye akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. "Mwambie mjomba wako, mwanangu. Umeviweka wapi?"

Cheupe kilikuwa bado mfukoni mwangu. Ningesema pale, ningechapwa mbele za watu na jambo likaisha. Lakini nikawaza, nikisema, ni kumi na tisa, nimemuua mama. Nikinyamaza labda watakubali ishirini. Nikasema, "Nimevirudisha dukani."

"Amevirudisha," mama akamwambia.

"Amevirudisha nani?" yule mfupi akauliza. "Mwanao. Kwenye duka la mama yako. Kura zimo kwenye hotpoti yako, nyumbani kwako, kwa kesi yako."

Alisema bila hasira, na akachukua kofia yake. Waliomfuata hawakumfuata kwa kumpenda. Walifanya tu wanavyofanya siku zote: vichwa na orodha havilingani, ndege haiondoki, wanashuka. Nusu saa baadaye sebule ilikuwa na vikombe na sambusa tatu. Kepteni aliondoka mwisho. Mama akamkumbusha Alhamisi. Akajibu, "Ngoja hali itulie." Safari hiyo mama hakurudia.

Jumanne nikiwa dukani baada ya shule, akaja katibu wa chama mwenyewe. Nilimjua kwa jinsi mama alivyomwigiza. Suti ya kaki, kalamu tatu mfukoni. Akamwamkia bibi kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Zipu au lasi?"

"Nimesikia nyumba hii mnatoa vifungo," akasema. "Nikashangaa, maana nilizoea mahakama ndiyo inatoa vifungo."

Mpagazi aliyekuwa amepumzika kwenye guta lake akacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, maana angekuwa mtu mwingine ningemwomba aniazime.

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye uzi aliokuwa anaukunja. "Tunatoa vyote, baba. Vya shati na vya maisha. Wewe tumbo hilo ulivyolifunga, utahitaji vya koti."

"Nipe basi kimoja cheusi. Nasikia vyeusi vyenu vinazaliana."

"Siuzi kimoja. Dazeni."

"Dazeni ndiyo iliyowaponza," katibu akasema, na akaondoka anatabasamu, anawapungia mkono wapagazi, ambao nao wana chama chao na katibu kama yeye.

Bibi hakuniuliza kitu. Bibi akikosa kukuuliza, ujue tayari anacho.

Usiku sikulala, mchana sikuchekesha. Shuleni wakaniuliza kama naumwa. Jumatano nikapata nafasi niliyoiona kama imetumwa. Kwenye baraza ya jengo letu kuna fundi cherehani anayepunguza suruali za sare, na marubani wengi wanamletea kwa sababu ya mama. Nikamkuta Kepteni amekaa kwenye benchi la fundi na gazeti, anasubiri suruali zake mbili. Nikakaa pembeni yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo." Nikasogea karibu. "Kile kifungo nilitia mimi. Cheusi. Mama hajui. Nilikuwa natania."

Akashusha gazeti. Akaniangalia, kisha akafanya lile jambo lao la kurudia. "Kifungo kimoja. Cheusi. Umetia wewe, mama yako hajui."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo walikuwa kumi na tisa."

"Kumi na tisa."

Cherehani ilikuwa inakwenda, upande wa pili wa barabara spika inarudia jezi elfu tano, jezi elfu tano. Nilimwambia nitakwenda kwa kila mmoja wao nikaseme. Kwa yule mfupi ndiko nitakakoanzia. Akatikisa kichwa.

"Ukisema wewe, watasema amekutuma. Mtoto gani hamtetei mama yake? Utampalilia moto." Akaweka mkono begani kwangu. "Nyamaza. Umefanya vizuri kuniambia mimi. Kesho nitajua la kufanya."

Kwa sauti ile. Ile ya kutangaza hali ya hewa. Nikaamini kwamba tunatua. Nikapanda ngazi mbili mbili, na jioni ile kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikamchekesha mama, nikamwigizia katibu akinunua kifungo, na alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa anapiga pasi shati la kesho. Akasema, hata kama hao wengine wameniona mwizi, kesho nina mtu wa kukaa naye.

Alhamisi mama akarudi saa tisa alasiri. Akavua viatu mlangoni, akaenda jikoni, akanywa maji amesimama. Bibi akamuuliza yamekwendaje, akaeleza kama anasoma karatasi. Kepteni hakuja. Asubuhi aliomba kubadilishana zamu, akachukua safari ya Mwanza. Kwa hiyo kampuni, kwa kufuata utaratibu, ikamwita mtu wa chama chake ili asikae peke yake. Akaja katibu. Hakubisha lolote kuhusu saa za kupumzika. Alisimama akasema kampuni imhurumie mama huyu maana ni mjane.

"Mjane?" bibi akauliza. "Amemuua mkwe wangu yuko hai Tabata?"

Hakuna aliyecheka, hata bibi mwenyewe. Mama akasema jina lake limetolewa kwenye orodha. Atarudi mkiani, na mkia ni mrefu. Kisha akaanza kufungua zile beji za begani, ya kulia na ya kushoto, akaziweka juu ya friji ambapo huziweka kila siku.

Nikasema. Sikupanga maneno, yalitoka yenyewe, hotpoti, abiria wa mapajani, dazeni, cheupe ambacho bado ninacho. Bibi akatoka jikoni akatuacha. Nilisubiri kofi. Nilikuwa nimelisogezea hata shavu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na nilipomaliza aliniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Nani mwingine anajua?"

"Kepteni."

"Tangu lini?"

"Jana. Kwa fundi. Alisema ninyamaze, atajua la kufanya."

Akavuta kiti akakaa. Aliangalia dirishani, huko chini walikuwa wanashusha marobota ya mitumba na mtu anahesabu kwa sauti. Nilidhani analia, nikaenda kumtazama usoni. Hakuwa analia.

Akasema, "Jana alijua sikuiba kura, na leo hakuja. Basi hata hao kumi na tisa sikuwa nao."